Mtoto Anayesema Mbele ya Wageni: Kuisoma *Rosa Mistika* Katika Usharika

Jioni moja, baada ya ibada ya jumuiya hapa Pasua, mama mmoja wa usharika wetu alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Alipokifungua tuliona kitabu kilichochakaa, jalada lake limeng'oka upande mmoja. Kilikuwa *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi.

"Baba Mchungaji," alisema, "nimekikuta chini ya godoro la binti yangu. Watu wananiambia ni kitabu kichafu. Naomba uniambie kama nikichome."

Tulimwomba atuachie kwa siku chache. Hatukumwambia kwamba tulikwisha kukisoma zamani, tukiwa sekondari, kwa kupokezana na wenzetu usiku bwenini. Mchungaji naye ana aibu zake. Lakini swali la mama lilikuwa la haki na lilidai jibu la haki. Tunaliandika hapa kwa sababu tunaamini si yeye peke yake mwenye swali hilo. Ametukubalia tuandike bila kumtaja.

Mtoto wa kutisha

Wahakiki wa fasihi wana maneno ya Kifaransa wanayowaitia waandishi wa aina hii: *enfant terrible*. Tukiyatafsiri neno kwa neno tunapata "mtoto wa kutisha", lakini hayamaanishi mtu wa kuogopesha. Yanamaanisha mtu anayevunja taratibu za wenzake mpaka wanashtuka, anayesema hadharani jambo ambalo watu wazima wamekubaliana kulinyamazia. Katika karne ya 19 mchoraji wa Ufaransa aitwaye Paul Gavarni alichora mfululizo wa picha za kuchekesha kwa jina hilo. Watoto wake hawapigani wala hawavunji vyombo. Wanachofanya ni kufungua vinywa mbele ya wageni na kusema siri za nyumbani.

Kila mzazi anamjua mtoto huyo. Mwenye deni lake amebisha hodi, mama anasema baba amesafiri, na mtoto anadakia, "Baba si yuko chumbani, amesema tusiseme!" Mama anacheka kicheko kikavu, mgeni anatazama chini, na mtoto anafinywa mgongoni. Tuangalie vizuri anachofinyiwa. Hafinywi kwa sababu amesema uongo. Aliyesema uongo ni mtu mzima.

Tukilishika jambo hili dogo tutaona kwamba, kwa mtu wa namna hii, kuuliza kama ametuaibisha hakutoshi, maana jibu tunalijua: ametuaibisha. Kwanza tuulize kama alilosema limo ndani ya nyumba. Kama limo, tuulize tutafanya nini nalo.

Kijana wa Ukerewe

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, akalelewa katika Ukatoliki na kusoma seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakulijua kanisa kwa kusimuliwa. Alikaa ndani yake. *Rosa Mistika* ilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa bado kijana wa chini ya miaka 30. Ilizungumza waziwazi juu ya wasichana wa shule, wanaume wenye vyeo wanaowatumia, na mimba zinazotolewa. Ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadaye ikaruhusiwa na kusomwa.

Hakuishia hapo. Mwaka 1974 alitoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na washairi wa jadi wakakasirika kama watu waliovunjiwa kisima. Riwaya zilifuata: *Dunia Uwanja wa Fujo*, *Gamba la Nyoka*, na mwishoni *Nagona* na *Mzingile*, ambazo hata walimu wa fasihi huzisoma wakikuna vichwa. Alifundisha Dar es Salaam, kisha Botswana, akafariki mwezi Januari mwaka 2020. Wakati huo kijana aliyepigwa marufuku alikuwa anahesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa Kiswahili. Ndivyo mara nyingi inavyokuwa: mtoto anayefinywa leo, kesho anajengewa sanamu. Kanisa la Kilutheri lingepaswa kulijua hilo kuliko wengine, maana mtawa wa Wittenberg aliyetupa jina letu aliitwa majina mabaya zaidi.

Jina la kitabu lenyewe linachoma. *Rosa Mystica*, Waridi la Fumbo, ni moja ya sifa anazopewa Bikira Maria katika litania ambayo ndugu zetu Wakatoliki huisali. Mwandishi amechukua jina la usafi mkuu kuliko wote akampa msichana ambaye jamii itamwita mchafu. Mtu anaweza kuliona jambo hilo kuwa kufuru. Sisi tunaliona kuwa swali: ni nani aliyemharibu msichana huyu aliyepewa jina zuri namna hii?

Barua moja na fimbo

Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi. Regina ni mama mvumilivu ambaye mzigo wa nyumba umemlalia yeye. Rosa anapata barua kutoka kwa mvulana aitwaye Charles, nayo inafika mikononi mwa baba. Zakaria anampiga binti yake bila huruma. Hamwulizi, hamfundishi, hamwelezi chochote juu ya mwili wake wala juu ya mapenzi. Anampiga tu.

Kinachofuata ndicho kiini cha kitabu. Rosa anakwenda kusoma shule ya wasichana Mwanza akiwa na hofu ya wanaume moyoni, naye anajitenga nao. Kwa nje ni msichana mwema, wa kupigiwa mfano katika darasa la kipaimara. Lakini hofu si wema. Siku fimbo inapokuwa mbali, na wanaume wenye vyeo na maneno matamu wanapokuwa karibu, msichana huyu hana kitu ndani yake cha kumshika. Anaanguka, anaendelea kuanguka, na huko Morogoro, kwenye chuo cha ualimu, hata mkuu wa chuo aliyepaswa kumlinda anakuwa mmoja wa wanaomtumia. Baadaye Rosa anabadilika kweli na anataka kuanza maisha mapya. Anakutana tena na Charles, yule wa barua, na ndoa inakaribia. Charles anagundua kwamba Rosa si bikira, anamkataa. Rosa anajiua.

Msomaji wa Kilutheri hahitaji mwalimu wa fasihi kumweleza kilichotokea hapa. Tumefundishwa tangu Katekisimo kutofautisha Sheria na Injili. Sheria huonyesha dhambi, lakini haina nguvu ya kumfanya mtu kuwa hai. Zakaria alimpa binti yake Sheria tupu, tena Sheria isiyomhusu yeye mwenyewe, kwa maana aliyeshika fimbo ndiye aliyekuwa mlevi. Mtume Paulo aliwaonya akina baba katika Waefeso 6 wasiwachokoze watoto wao, bali wawalee katika mafundisho ya Bwana. Zakaria alishika nusu ya utii wa watoto na kuisahau nusu ya wajibu wa baba. Tunasema bila kuogopa kwamba hatujasoma mahubiri mengi ya Kiswahili yanayoonyesha hatari ya malezi ya fimbo peke yake kwa uwazi kama riwaya hii iliyoitwa chafu.

Je, huyu ni Hamu?

Wanaotaka kitabu kichomwe wana andiko, nasi tuliheshimu. Ni Mwanzo 9. Nuhu alilewa akalala uchi hemani. Mwanawe Hamu akaona, akatoka akawaambia nduguze. Shemu na Yafethi wakachukua vazi, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba bila kumtazama. Nuhu alipoamka na kujua alilotendewa, akatamka laana, ikamwangukia Kanaani, mwana wa Hamu. Basi, wanasema, anayetangaza uchi wa baba yake si mtu wa kusifiwa, na Kezilahabi ametangaza uchi wa baba zetu.

Hoja hii ina uzito. Upendo hufunika, Petro anatuambia hivyo. Lakini tuangalie tofauti. Nuhu alipolala uchi, aliyeaibika ni yeye. Hakumpiga mtu, na ndani ya hema lile hapakuwa na binti anayelia. Vazi la Shemu lilifunika aibu ya mlevi. Halikufunika jeraha la mtoto.

Lipo andiko jingine la kusoma pamoja na hilo, nalo ni 2 Samweli 13. Tamari, binti wa mfalme Daudi, alinajisiwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Absalomu akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyefanya ni ndugu. Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alifanya jambo lolote. Tamari akakaa ukiwa katika nyumba ya nduguye. Hapo kulikuwa na vazi kubwa la kufunika, na chini yake binti akaoza. Aliyeandika habari hii katika Biblia hakukubali kumnyamazia Daudi, ingawa Daudi alikuwa masihi wa Bwana. Anayetaka *Rosa Mistika* ichomwe kwa sababu inasema mambo yasiyosemwa, atuambie kwanza tufanye nini na sura hiyo.

Kadhalika Amosi. Katika sura ya pili anataja bila kuficha baba na mwanawe wanaomwendea msichana mmoja. Na katika sura ya saba kuhani Amazia anamwambia aende akatabirie kwao, si hapa penye patakatifu pa mfalme. Amazia hakusema kwamba Amosi amedanganya. Alisema tu kwamba pale si mahali pake. Hayo ndiyo majibu ya wakubwa kwa mtoto wa kutisha tangu zamani: si uongo, ila usiseme hapa.

Luther naye, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha aina mbili za wanatheolojia. Mmoja hupenda utukufu, na kwa hiyo huliita jambo baya jema na jema baya. Mwingine ameusimamia msalaba, naye huliita jambo kama lilivyo. Kwa kipimo hicho Zakaria ni mlevi anayemharibu binti yake. Kumwita "baba mkali anayelinda heshima ya nyumba" ni theolojia ya utukufu.

Tunapotofautiana na mwandishi

Hata hivyo mhakiki asiyeona kasoro ni shabiki tu. Tuna mambo mawili.

La kwanza, hadithi inakwenda kama gari lililokatika breki pale Mbuyuni. Tangu fimbo ya Zakaria hadi kifo, Rosa hasogei kando hata hatua moja. Mwandishi ametaka kutuonyesha kwamba malezi mabaya huzaa maangamizi, na ili tusikose kuliona amefunga kila mlango. Maisha hayako hivyo. Tumezika vijana, kweli. Lakini tumewaona pia waliopigwa kama Rosa ambao leo ni walimu wa shule ya Jumapili, kwa sababu shangazi mmoja, au mwalimu mmoja, au mzee mmoja wa kanisa aliwafungulia mlango. Binti anayesoma kitabu hiki chini ya godoro peke yake anaweza kudhani hakuna mlango. Kwa hiyo hatusemi asikisome. Tunasema asikisome peke yake.

La pili ni zito zaidi. Mtoto anayesema mbele ya wageni ana kazi ya kufunua tu. Akishafunua, hana vazi. Kezilahabi ametuonyesha Rosa aliyetubu na kugeuka, kisha akamkabidhi kwa Charles, naye akampima kwa mambo ya jana. Hilo si kosa la mwandishi. Ni picha halisi ya watu wengi. Lakini kanisa haliwezi kuishia hapo. Katika Mwanzo 3 Mungu aliwaita Adamu na mkewe kutoka mafichoni, akawauliza, akawaambia matokeo ya kosa lao, na baada ya hayo akawafanyia mavazi ya ngozi, akawavika. Alianza na ukweli, vazi likafuata. Wanaochoma vitabu wanataka vazi bila ukweli. Mwandishi ametupa ukweli bila vazi. Vazi ni kazi yetu.

Nasi je, tumeifanya? Katika usharika mmoja tuliowahi kuutumikia, binti aliyezaa nje ya ndoa aliomba kurudi kundini. Tulimsimamisha mbele siku ya Jumapili, mtoto mgongoni, watu wote wakimtazama. Alijibu maswali kwa sauti ndogo. Baba wa mtoto alikuwepo. Alikuwa amekaa na kwaya, nasi tulijua, na wazee walijua. Hakuna aliyemwita. Yesu alipoletewa mwanamke katika Yohana 8, angalau wale wazee waliondoka mmoja mmoja kwa kuchomwa na dhamiri. Siku ile kwetu hakuondoka mtu. Tuliimba wimbo, tukatoa sadaka, tukaenda nyumbani kula. Tumesoma theolojia miaka mingi, tumehubiri neema mara nyingi, na asubuhi ile tulikuwa Charles. Riwaya iliyoitwa chafu ndiyo iliyotukumbusha.

Mstari wa kalamu

Turudi kwa mama yetu. Tulipokisoma tena kile kitabu tuliona kwamba binti alikuwa amepiga mistari kwa kalamu ya wino wa bluu. Tulitarajia, na tunakiri tulihofu, kwamba mistari ingekuwa penye habari za mapenzi. Hapakuwa na mstari hata mmoja huko. Yote ilikuwa kurasa za mwanzo, penye habari za Zakaria: ulevi wake, ukali wake, kipigo.

Mama alipokuja kuchukua jibu tulimwonyesha. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Niliiona, Baba Mchungaji. Ndiyo maana nilitaka kukichoma. Baba yake akiiona, itakuwaje?"

Basi haikuwa habari ya uchafu. Kitabu kilikuwa kimesema mambo ya nyumba yake. Na sisi tulioishi mitaa michache kutoka pale hatukuyajua, au tuseme kweli, hatukutaka kuyajua. Nyumba za Pasua zimebanana. Mtu akikohoa, jirani anasema pole. Kipigo kinasikika. Lakini tumezoea kusema ni mambo ya ndani ya watu, na mwenye nyumba anapotoka mbege ikiwa kichwani tunampisha njia na kumsalimu shikamoo.

Tulikwenda kwake na mzee mmoja wa kanisa anayemheshimu, asubuhi, kabla hajatoka. Hatukutaja kitabu, tukaogopa kumtia binti hatarini. Tulizungumza juu ya pombe na juu ya watoto. Alikasirika, akatuuliza nani amempelekea mchungaji maneno. Tulimjibu kwamba kuta zimesema. Hatuwezi kuwaambia wasomaji kwamba alivunja chupa akalia toba, hakufanya hivyo. Lakini tumerudi mara tatu, na mara ya tatu alituwekea viti. Kwa makubaliano ya mama, binti anamalizia muhula huu akikaa kwa mama yake mkubwa huko mlimani, na anaendelea na masomo. Jumuiya imewapa akina mama wawili jukumu la kumtembelea mama huyu, nao hawatangoja kuitwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Jipu halitoki kwa kufunikwa shuka jeupe, hata kama shuka hilo ni la madhabahuni. Lazima lipasuliwe, na anayepasua hapendwi wakati ule. Lakini akishapasua, awepo mwenye maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Mwandishi wa Ukerewe alifanya kazi ya kwanza. Wazazi wa usharika, wazee wa kanisa, waalimu wa kipaimara, na sisi wachungaji tulioogopa kuuliza, tumeachiwa ya pili.

Jibu letu kwa mama lilikuwa kwamba asikichome. Tulimwomba akisome yeye kwanza, kisha akae na binti yake wazungumze juu ya ile mistari ya bluu. Alikifunga tena kwenye kanga yake, akatuaga, akaondoka nacho.